Jina la Mfuko wa Kushoto

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo mwenyewe, maana hapa kwetu Nis, kaskazini kabisa ya kisiwa cha Lewis, wako wanaonisimulia kila nikienda dukani kununua chumvi, na wote wananisimulia vibaya.

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nilikuwa nimewinda nyangumi misimu tisa huko kusini dunia inakoishia, nimeacha vidole viwili kwenye winchi, nimerudi nyumbani kufuma sufu kwa mtambo wa kukanyaga, na nimemwoa Raonaid, mwanamke wa miaka thelathini mwenye ulimi wa miaka mia. Mwaka uliofuata, 1957, akanizalia binti. Ungedhani mtu aliyepambana na barafu atakuwa na ubavu wa kumwambia baba yake mzazi neno moja tu, hapana. Sikuwa nao.

Kwetu jina la mtoto halichaguliwi, linarithiwa. Mvulana wa kwanza hurithi la babu mzaa baba, binti wa kwanza ni wa upande wa mama. Mama yake Raonaid alifariki akimzaa, Raonaid akalelewa na bibi yake mzaa mama, kwa hiyo haki ilikuwa ya bibi. Anaitwa Beathag, sisi tunalitamka Behak. Alikuwa na miaka themanini na minane, na ndiye aliyekuwa wa mwisho mwenye jina hilo kuanzia mnara wa taa mpaka ulipo mto. Ni jina la kale, ndani yake mna uhai. Zamani walilivaa mabinti wa wafalme, baadaye likawaangukia wakamua ng'ombe, nao wakalitunza vizuri kuliko wafalme. Kilichoanza kulimaliza ni karani na mwalimu. Walikuwa wakiletewa Beathag wanaandika Rebecca, au Sophia, kutegemea wameamkaje siku hiyo.

Bibi mwenyewe shuleni aliandikwa Sophia. Kila asubuhi mwalimu akiita Sophia, yeye kimya, anamtazama kama mbuzi anavyotazama mvua. "Kitabu chao kinasema sikwenda shule mwaka mzima," hupenda kusema. "Lakini fimbo nilizipokea zote, kwa hiyo nilikuwepo."

Wasichana waliokuja baada yake wengi walivishwa wanaume. Mzee akitaka kukumbukwa, na mjukuu wa kiume haonekani, jina lake linashonewa mkia kwa nyuma, anapewa msichana. Donald anakuwa Donaldina, Angus Angusina, Hector Hectorina. Baba yangu ni Murchadh, serikali inamwandika Murdo, na alichotaka yeye ni Murdina. Kijijini walikuwepo Murdina watano tayari, wa akina Murdo wengine. Ukimwita mmoja barabarani, milango mitano inafunguka.

Alinishika tukiwa tunapanga udongo mkavu wa kuchoma, ambao ndio kuni zetu sisi tusio na miti.

"Umeoa uzeeni, Tormod," alisema. "Wa kiume nitamsubiri mpaka lini? Mpaka niwe nimelala chini ya huu udongo?"

"Baba, binti wa kwanza ni wa upande wa—"

"Najua ni wa upande wa nani. Nakuuliza mimi ni wa upande wa nani."

Nikamwambia haya, Murdina. Jioni nikarudi ndani, Raonaid ananyonyesha, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Baba yako amekwambiaje?"

"Mambo ya udongo tu."

"Sikiliza, mume wangu. Koti la babu mtu akilipunguza mikono, bado ni koti la babu. Mwanangu hatavaa koti la mtu. Ataitwa Beathag."

Nikamwambia haya, Beathag.

Mnacheka. Subirini.

Katika kanisa letu anayesimama na mtoto mbele ya mchungaji ni baba. Mama hukaa kwenye benchi na kunyamaza, kama wanawake wote wanavyonyamaza mle isipokuwa wakati wa zaburi. Baba humpa mchungaji jina kwenye kikaratasi. Basi Jumamosi mke wangu akataka kukiona kikaratasi, nikamwandikia Beathag. Baba naye akaja akataka kukiona, nikamwandikia Murdina. Nikatia kimoja mfuko wa kushoto wa suti, kingine wa kulia, nikajiambia Mungu ataniongoza mkono.

Mungu hakujishughulisha. Jumapili kanisa lilijaa, suti inaninyonga, mtoto ana uzito wa kondoo aliyelowa. Baba yangu alikaa benchi la tatu, kofia magotini, ananiangalia bila kupepesa. Mchungaji akanyoosha mkono, na mkono wangu ukaenda wenyewe mfuko wa kulia, kwa sababu upande huo ndio wenye vidole vyote. Akasoma, akachovya maji.

"Murdina—"

"Hapana."

Nimesikia nyangumi akifa, nimesikia mlingoti ukivunjika. Sijasikia kitu kikubwa kama hiyo hapana. Ilitoka kwenye benchi la wanawake. Mzee mmoja wa kanisa akadondosha Biblia, na hata mtoto akaacha kulia ili asikie vizuri.

"Kuna aliyesema?" mchungaji aliuliza, maji yanamdondoka vidoleni.

"Mimi, mchungaji. Mama yake." Raonaid alikuwa amesimama.

"Hapa anayejibu ni baba, Raonaid. Unajua."

"Basi ajibu. Kwanza muulize mfuko wa kushoto una nini. Suti nimeipiga brashi mimi."

Mchungaji akanigeukia. Nikatoa cha kushoto. Akavisoma vyote viwili, kimoja huku, kimoja huku, bila haraka.

"Tormod, una watoto wangapi?"

"Mmoja, mchungaji."

"Haya."

Mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mzee aliyedondosha Biblia akasema mwanamke huyu atajibu mbele ya baraza la kanisa, na meza ya Bwana ataiona kwa mbali. Kwetu hilo si jambo dogo. Nikamwangalia mke wangu nikidhani atakaa. Hakukaa. Alikuwa amekunja mikono kifuani, uso mwekundu hadi masikioni, na kucha zake zimezama kwenye mikono ya koti lake. Anaogopa kuliko mimi, nikawaza, na bado amesimama. Mimi nimesimama kwa sababu mtoto hawezi kujishika mwenyewe.

"Beathag," nikasema.

"Sauti, Tormod."

"Beathag!" nikapiga kelele, mpaka kondoo waliokuwa nje ya ukuta wakakimbia. Maji yakamwagwa, jina likakaa.

Baraza lilimwita kweli, wakamnyima meza ya Bwana mwaka mzima. Alikwenda kila Jumapili hivyo hivyo, akakaa benchi la mbele ili wamwone vizuri. Mwaka uliofuata mke wa mpeleka barua akambatizisha binti yake jina la Beathag. Baadaye wakaja wawili kwa mpigo, mapacha wa nyumba mbili tofauti, kama wanavyosema wachokozi, maana walizaliwa siku moja. Karani akajaribu kuandika Rebecca, akina mama watatu wakaegemea meza yake mpaka akatafuta wino mwingine akaandika Beathag. Leo wako saba, na mwalimu akiita Beathag darasani inabidi aongeze na jina la baba. Kwa jina lililokuwa limebaki kwenye kizee kimoja, hizo ni fujo za kutosha.

Lakini Jumapili ile hayo hayakujulikana. Kilichojulikana ni kwamba tulirudi nyumbani tukakaa mezani, viazi na kinda la ndege wa baharini tulilolitia chumvi tangu vuli, vyote vimepikwa Jumamosi kwa sababu Jumapili kwetu hakupikwi. Bibi Beathag alikaa kichwani pa meza na kitoto mapajani. Baba yangu alikaa mwisho, kofia kichwani, hagusi chakula.

"Baba, kula," Raonaid alimwambia.

"Nimeshiba aibu."

"Aibu haina chumvi, baba mkwe. Onja ndege."

"Usinifanyie mzaha, binti. Mbele ya usharika mzima! Kwa jina gani? Jina limekufa! Nani analo?"

"Ninalo mimi," bibi alisema, "na nimekaa hapa nakuangalia."

"Samahani, mama. Sikukusudia wewe."

"Ulimkusudia nani, kijana? Tuko wawili tu."

Baba yangu alikuwa na miaka sabini na mitano. Hakuna mwingine kisiwani aliyethubutu kumwita kijana. Akavua kofia, akaiweka mezani karibu na viazi, na sauti yake ilipotoka haikuwa tena ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu anayeona usiku unakuja na hana taa.

"Sijaomba mali," alisema. "Sijaomba shamba. Nimeomba jina tu. Ndugu zangu wote wana wajukuu wanaoitikia majina yao. Mimi nikiondoka, jina langu nani atalibeba? Niambieni. Nani?"

Nikafungua mdomo nimwahidi mtoto wa pili. Raonaid akanikanyaga mguu chini ya meza, barabara, kama anakanyaga mtambo. Mtoto akapiga chafya. Bibi akamfuta pua kwa kidole gumba, akamwinua begani, ndipo akamwangalia baba yangu.

"Mimi miaka themanini na minane sikumwomba mtu alibebe langu, Murchadh. Limefuatwa. Na wewe acha kugawa lako, ishi nalo vizuri, uone kama yupo atakayelitaka."