Pini Mdomoni

...au mguu wa kulia wa suruali ndio umefupika, au ni yeye anayesimama upande kama kawaida yake, tangu utotoni hajawahi kusimama wima mbele ya mtu anayemhudumia, simama sawa wewe, alitaka kumwambia, lakini fundi mwenye pini saba mdomoni hasemi, hunguruma tu, basi akanguruma, na mdogo wake aliyekuwa juu ya stuli katikati ya chumba cha kushonea akajinyoosha bila hata kumtazama, maana macho yake yote yalikuwa mezani, kwenye simu aliyoilaza juu ya mabaki ya vitambaa, spika imefunguliwa, redio ikimhoji moja kwa moja, na sauti ya mtangazaji wa kike ilikuwa ikitoka humo laini kama iliyopakwa mafuta, "Tuko hewani na Kidole Kimoja mwenyewe, mchekeshaji anayetuvunja mbavu kwa kinanda chake!" Kidole Kimoja, lo, watu wanadhani ni mbwembwe za jukwaani, hawajui kwamba kweli hawezi kupiga kinanda kwa vidole viwili, alifundishwa miaka mitatu na vile tisa vingine vikagoma, na hata hicho kinanda kidogo cha betri kilinunuliwa kiwe chao wote wawili, dada na kaka, ila aliyekililia zaidi ndiye aliyelala nacho... akachoma pini ya kwanza kwenye upindo wa suruali, kitambaa kizuri hiki, kizito, kinaanguka chenyewe bila kubembelezwa, suti ya kwenda kusimama mbele ya ukumbi wa watu elfu tatu keshokutwa, na kati ya mafundi wote wenye maduka ya vioo akaja kwake, kwa dada yake, chumba kimoja, cherehani mbili na moja mbovu, amekuja kumheshimu au amekuja kujionyesha? Moyo ulijibu kabla akili haijafungua mdomo, amekuja kujionyesha, angalia viatu vile. "Miaka minne sasa," mtangazaji alikuwa anasema, "tangu ule wimbo wa fundi wa nguo usambae mitandaoni, hebu tuusikie kidogo," na kabla hajaziba masikio, na angeyaziba kwa mkono upi, ukaanza, sauti ya mdogo wake ikiigiza sauti nyembamba ya mwanamke mwenye haraka zake, *njoo kesho, mama, njoo kesho, kesho ikifika nitakwambia kesho ipi*, na chini yake noti moja tu, ting, ting, ting, hakuhitaji kuiona video, anaijua kama anavyoijua sura yake kwenye kioo kwa sababu ndiyo hiyo sura yake, kilemba chake kichwani mwa mdogo wake, futi ya kupimia shingoni, midomo imebana pini, nusu ya nchi imemcheka yeye bila kujua inamcheka nani, muuza nyanya alimwambia mama fundi wewe unafanana na yule wa kwenye simu, anafanana! Eti yeye ndiye anayefanana! Na wateja nao, mtu anakuja kuulizia gauni lake, kabla hajajibiwa anaimba, kesho ipi, mama, anacheka hadi anashika mlango, naye inabidi acheke pia, asije akaambiwa hana utani, yeye, hana utani, yeye aliyeutunga wimbo wenyewe hapa hapa, mchana kama huu, mwalimu mkuu alikuja mara ya tatu kuchukua sketi ambayo hata kukatwa ilikuwa haijakatwa, amefura, amesimama pale mlangoni anasema leo nalala hapa, basi fundi alipoona maji yamefika shingoni akaimba, hakufikiri, wimbo ulitoka tu kama chafya, na mwalimu mkuu akajizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka akaomba kiti, na kwenye kona yule mvivu asiye na kazi alikuwa na kinanda chake mapajani akagonga ting, ting, ting, huo ndio mchango wake wote, ting. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba iko siku kitakuja na nguo yake ukipimie... pini ya tatu, ya nne, akahamia mguu wa kushoto, magoti yanauma. "Sasa tuambie ukweli," mtangazaji akasema, "wimbo ule ulikujaje? Uliutoa wapi?"

Mkono wake ulisimama. Haya, sema, akamwambia kimoyomoyo akiutazama ule upindo, sema ulikuwa umekaa chini ya mti ukashukiwa, sema uliota, ndivyo wanavyosema wote, na yeye hajui anasemaga nini maana hajawahi kumaliza kuyasikiliza mahojiano yake hata moja, akimwona tu kwenye televisheni ya mtu anakumbuka ana nguo ya kupiga pasi, lakini leo amefungwa hapa chini kama mbuzi, ataisikia kwa masikio yake, na akiisikia atakuwa na haki, ee, ndilo neno, haki, ya kumchoma kidogo, pini huteleza, nani atajua... Mdogo wake akavuta pumzi. "Wimbo si wangu," akasema. "Ni wa dada yangu. Yeye ndiye mchekeshaji kwetu, mimi namuiga tu." Na mtangazaji akaangua kicheko, "Jamani Kidole! Kila siku una vituko!" "Nasema kweli, dada mtangazaji. Nimeshasema mara nyingi, nikisema mnacheka." Mtangazaji akazidi kucheka. "Haya, na huyo dada mbona hakuimba mwenyewe?" Suruali ikatikisika, alikuwa ameinama kumtazama dada yake, fundi akakiona kipara cha mwanzo mwanzo pale juu ya paji lake, hata yeye anazeeka, kisha akajibu taratibu, "Alikuwa na kazi nyingi siku ile." Kazi nyingi... hakuwa na kazi nyingi, hakuwa na kazi kabisa, ilikuwa Jumapili, meza ilikuwa tupu kwa sababu yeye mdogo mtu ndiye aliyeisafisha, akaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akasema dada imba kama ulivyomwimbia mwalimu, mara moja tu, akamwomba mara ya pili, mara ya tatu alipiga magoti kwa mzaha lakini macho hayakuwa na mzaha, na yeye akamjibu nini? Mtu mzima na akili zake ajianike achekwe na watu asiowajua? Kama unataka kujidhalilisha, jidhalilishe wewe, na kilemba... Mungu wangu, kilemba alimfunga yeye, kwa mikono hii, akakikaza, akarudi nyuma akamtazama, akacheka, akamwambia umependeza, sasa nenda kawe mjinga. Miaka minne amemwita mwizi kila akiweka uzi kwenye sindano, na mwizi alifungiwa mzigo na mwenye nyumba. Na badala ya kusikia nafuu akasikia kuibiwa upya, maana lile dukuduku lilikuwa lake, alililea, alilishonea bitana, na huyu kwa maneno manne, kazi nyingi siku ile, amemfichia aibu yake mbele ya watu na kumwacha mikono mitupu, hana hata cha kumchukia, ila kile kitu kimoja, kwamba anaweza kusimama akachekwa na asife, kicheko kinampitia kama maji kwenye bata, hicho ndicho, si wimbo, si suti, si viatu... wivu ulikaa pale pale kifuani, haukupungua hata uzi mmoja, uligeuka tu upande kama mtu usingizini.

Mahojiano yalikuwa yanaendelea, sasa wanazungumza habari za ukumbi na tiketi. Akainuka, magoti yakalia, akazungusha futi kiunoni mwa mdogo wake kuhakikisha, akasoma, akasoma tena, inchi tatu zaidi ya vipimo vya mwaka jana, tatu nzima, watu husema umaarufu huvimbisha kichwa, huyu kichwa ni kile kile, basi zimekwenda wapi sifa zote hizo, na neno likaja, bila kubisha hodi, na mdundo wake, *sifa zilitumwa kichwani, zikapotea njia, zikashukia kiunoni*, akakaza midomo, pini mbili zilizobaki zikachezacheza, mabega yakaanza kumtikisika. Mdogo wake akayaona. Anayajua mabega yale. Akaifunika simu kwa kiganja akanong'ona, "Dada? Umepata nini? Niambie," na macho yake yalikuwa na njaa, njaa kabisa, kumbe, kumbe mtu wa watu elfu tatu anaweza kumtazama hivyo mtu aliyeshika futi, kwamba na yeye miaka yote hii alikuwa anatazama huku... Akatikisa kichwa. Hii hapana. Hii haitoki na mtu mwingine, ikitoka itatoka kwa miguu yake mwenyewe na mdomo wake mwenyewe, lini, wapi, sijui, na bado hakutaka kuiachia. "Mmm-mm," akanguruma. "Dada, tafadhali." Akatoa pini moja mdomoni, akaichoma kwenye mshono wa kiuno, polepole, bila kumgusa ngozi, "Simama wima," akasema kwa upande wa mdomo, akainamia kazi, na kichwani mwake ubeti wa pili ulikuwa tayari unapanda ngazi.