Kura Niliyojipigia

Chama chetu cha Watanzania wa Minneapolis na St. Paul kilikuwa na bunge, na usicheke. Mwaka 1995 nyumbani walipiga kura za vyama vingi sisi tukiwa huku Marekani kwenye theluji, tukaona wivu, tukajigawia majimbo. Brooklyn Center ilikuwa na mbunge wake, Lakeville wake, na sisi wanafunzi tulikuwa Jimbo la Chuo. Mbunge wetu alipomaliza masomo akarudi nyumbani, ukaitishwa uchaguzi mdogo.

Tuligombea wawili: mimi, Lusajo, na Melkiori niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja. Yeye alitaka wenye magari wapangiwe zamu ya kuwachukua wanafunzi, wasigande kwenye vituo vya basi. Mimi nilitaka kuitwa mheshimiwa. Barua ya kumwambia baba nimeshinda nilikuwa nimeshaiposti.

Chaguzi zetu zilikuwa na adabu moja, haikuandikwa popote: mgombea hajipigii kura, anampigia mwenzake. Tulipeana mikono mbele ya watu kwenye ukumbi wa kanisa, kisha kila mmoja akaandika jina kwenye kikaratasi. Mkono wangu ukaandika Lusajo. Nasingizia mkono, ilikuwa tamaa yangu.

Dada Dinah, katibu, alihesabu, Melkiori akimfungulia karatasi. Zangu kumi na moja, zake kumi. Watu wakaninyanyua juu. Melkiori alipiga makofi kama wengine.

Asubuhi nilimkuta jikoni. Mlango wa friji ndipo tulipozoea kuachiana ujumbe: maharage yako yapo kwenye sufuria, nimechukua koti lako. Siku hiyo palibandikwa kikaratasi cha kura chenye jina langu, kwa mwandiko wangu.

“Wangeninyima kura wale wengine wote kumi na tisa nisingeumia,” alisema. “Yangu nilikupa wewe.”

Nilitakiwa kuomba radhi palepale. Nikasema nimechelewa darasani.

Ubunge wenyewe sikuufanyia lolote. Zamu za magari hazikupangwa, na baridi yote ile tulisimama kituo kimoja cha basi, mimi na yeye, bila kusemeshana. Mwezi wa tano alihama. Najuta mpaka leo, na kujuta kwangu hakujamfaa kitu.

Tukikutana msibani au harusini, yeye huvua kofia na kuinama kidogo.

“Shikamoo, mheshimiwa.”

Tumezaliwa mwaka mmoja. Watu husubiri niitikie.