Sili ya Kushoto

Bolti ya chini ilikataa katakata, na fundi hakuibembeleza. Alikuwa amepiga magoti kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba yake, pikipiki imekalishwa juu ya kreti mbili za soda, gurudumu la mbele limeshatolewa na kuegemezwa ukutani. Alishika spana kwa mikono miwili, akaiegemea kwa uzito wake wote, bolti ikalia na kulegea. Siku nyingine angeitukana kidogo, kwa mapenzi, kama afanyavyo kila fundi anapobaki peke yake na chuma. Leo hakuwa na neno la kuipa.

Kazi yake hasa ilikuwa cherehani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefungua na kufunga cherehani za watu katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, polepole, kwa kituo, hata mdogo wake akamwita Taratibu na jina likashika mtaa mzima. Pikipiki alizigusa kwa ajili ya ndugu tu. Na ndugu mwenye pikipiki alikuwa mmoja, huyo huyo mdogo wake waliyeachiana ziwa, ambaye sasa alikuwa na miezi saba kaburini.

Aliyeileta pikipiki asubuhi hiyo alikuwa binti wa marehemu. Alikuwa nesi, amehamishiwa zahanati ya mbali na anatakiwa kuripoti Jumatatu, na leo ilikuwa Jumamosi. Alikuja akiisukuma, jasho linamtoka, akasema mama yake hatimaye amekubali aichukue. Fundi mwingine alishanyoosha usukani na rimu na kubadilisha pedi za breki, maana Taratibu alipoombwa alisema kazi zimemzidi, na waliomjua walishangaa, kwa sababu chumbani mwake mwa kazi mlikuwa na cherehani moja tu. Lakini shokapu za mbele zilikuwa zinavuja, zote mbili. Binti alisema hapandi mpaka baba yake mkubwa azitazame kwa macho yake. Kisha akaingia ndani kumsaidia mama yake mkubwa kukunja nguo, na Taratibu akabaki na pikipiki, hana pa kukimbilia.

Shokapu ya mbele ina miguu miwili, na kila mguu ni bomba ndani ya bomba, na mafuta ndani yake. Kwenye mdomo wa bomba la nje hukaa sili, pete ya mpira mweusi ambayo ungeweza kuivaa kwenye kidole gumba na ikapwaya. Upande mmoja ni bapa, una maandishi. Upande wa pili umebonyea, na humo ndani kuna kispringi chembamba kama uzi. Maandishi hutazama juu, kispringi hutazama chini kwenye mafuta. Ukiigeuza haitakuumbua siku hiyo hiyo. Itasubiri wiki moja au mbili, kisha itaanza kutoa jasho, na mafuta yatateremka nje ya mguu mpaka chini. Kwenye pikipiki hii, chini ya mguu wa kulia hapakuwa na kitu cha maana. Chini ya mguu wa kushoto palikuwa na diski ya breki.

Hilo ndilo lililomkaa Taratibu kichwani kwa miezi saba, na hakumwambia mtu.

Yeye ndiye aliyebadilisha sili hizo mara ya mwisho, kwenye kibaraza hiki hiki. Mdogo wake alikuwa anamwahi mtu stendi, redio inatangaza mpira, wanabishana kuhusu kipa, wanacheka. "Leo tafadhali usiwe Taratibu," mdogo wake alimwambia, naye kwa utani akafanya haraka. Sili moja aliikumbuka vizuri: aliiinua kwenye mwanga, akatafuta kispringi, akaipaka mafuta. Ya pili hakuikumbuka kabisa. Alikumbuka bao, alikumbuka mdogo wake akiruka na kumwaga chai, kisha alikumbuka anafunga gurudumu. Kazi ya nusu siku ilikuwa imekwisha kwa saa moja na nusu. "Umeanza kuwa binadamu," mdogo wake alisema, akawasha na kuondoka.

Baada ya wiki mbili alipiga simu. Sili yako moja inatoa jasho, alisema, nitakuletea uione nikipata nafasi. Taratibu alimjibu kwamba jasho ni la fundi, si la sili, wakacheka tena. Hakumuuliza ni ya upande gani.

Nafasi haikupatikana. Wiki iliyofuata, saa nne ya asubuhi, kwenye kona ambako malori ya mchanga hupunguza mwendo, pikipiki iliteleza na kulala ubavu wa kushoto. Waliokuwepo walisema ni mchanga uliomwagika barabarani. Askari waliandika mchanga. Mjane naye, akiwa amekaa kwenye mkeka, alisema mchanga. Taratibu alikuwa ameshakwenda kuiona pikipiki kituoni, ikiwa imelazwa uani, na kwenye diski aliona utando mweusi wa mafuta. Alijua kwamba pikipiki ikilala humwaga kila kilichomo tumboni. Alijua pia kwamba huenda mafuta hayo yalikuwepo kabla.

Hakulia msibani. Watu walimsifu kwa kujikaza, wakati yeye hakukaza chochote, maana ndani hapakuwa na kitu cha kukaza. Alikuwa amekufa ganzi. Alichimba, alifukia, alipokea mikono ya watu, alirudi nyumbani na kutengeneza cherehani ya jirani, ikashona vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Chakula alikula kwa sababu kiliwekwa mbele yake. Nyumbani kwa mdogo wake hakukanyaga tena; akiitwa alituma salamu, mara mgongo, mara kichwa. Mkewe alimwambia siku moja kwamba anaishi naye kama mpangaji, tena mpangaji asiye na usumbufu, na hata hilo halikumuuma.

Aliuchomoa mguu wa kulia kwanza. Alijua anakwepa, lakini alijiambia kazi lazima ianzie mahali. Aliupindua juu ya beseni, mafuta yakatoka meusi, yananuka kama samaki aliyesahauliwa. Aling'oa kofia ya kuzuia vumbi kwa bisibisi, akatoa klipu ya waya, kisha akakaa kwenye kigoda, akabana bomba la nje kwa magoti na kulivuta la ndani kwa vishindo. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya nne sili ikaruka nje, imevaliwa na bomba kama pete, na kispringi kilikuwa kinamtazama yeye.

Kilikuwa juu. Alikifuta kwa kidole gumba, akakitazama tena. Alikuwa ameiweka kichwa chini, yeye mwenyewe, Taratibu, anayejua kutofautisha sindano mbili za cherehani kwa kuzigusa tu. Alingoja moyo umpige. Haukumpiga. Alichowaza ni kwamba mtu aliyekosea moja anaweza kuwa amekosea zote mbili, na ile anayodai kuikumbuka huenda aliiota tu.

Binti alitoka na chai. Akaweka kikombe juu ya kigoda cha pili, akaiona sili, akauliza kama ndiyo yenye ugonjwa. Angeweza kusema ndiyo, imechakaa, na mambo yakaishia hapo. Mdomo wake ulishafunguka kusema hivyo.

"Hii niliiweka kichwa chini," alisema. "Mimi. Siku ile baba yako alipokuwa na haraka."

Akamweleza yote, kwa sauti ile ile ambayo huwaelezea wateja kwa nini uzi unakatika: kispringi, jasho, mafuta, diski. Alimwonyesha kwa kidole mahali mafuta yanapoteremkia. Alimwambia kuhusu simu, na kwamba hakuuliza upande. Binti alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa chini sakafuni, na sketi yake nyeupe ya kazi.

"Ndiyo maana ulikuwa huji kwetu," alisema.

"Ndiyo maana."

"Mama anadhani umetuchoka."

Taratibu alitazama chai ikifanya utando juu.

"Fungua na ile," binti alisema.

Mguu wa kushoto ulikuwa umekwaruzika kwenye ajali. Bomba la ndani lilikuwa na mchubuko mfupi wa lami, mkali ukiupitishia ukucha. Alifuata hatua zile zile bila kuruka hata moja. Alimwaga mafuta. Alitoa kofia, alitoa klipu, alilegeza bolti ya chini. Alibana kwa magoti na kuvuta, na kila kishindo kilimfika mabegani. Sili ilipotoka alikuwa amefumba macho. Hakupanga kuyafumba, yalijifumba.

"Nisomee," alisema.

"Nisome nini?"

"Upande unaotazama juu. Kuna nini?"

Alimsikia akisogea, akasikia kitambaa kikipita kwenye mpira. "Kuna maandishi," binti alisema. "Namba. Thelathini na moja, halafu arobaini na tatu, halafu..."

"Na chini?"

"Chini kuna kispringi."

"Soma tena."

Akasoma tena, namba zote, taratibu, kama anasoma jina la mgonjwa kwenye chupa ya damu. Ndipo fundi akafumbua macho. Sili ilikuwa imekaa sawasawa. Mdomo wake ulikuwa umepasuka mahali pamoja tu, na alipoisukuma kwa kidole kwenye bomba, mpasuko ule ulilala juu ya ule mchubuko wa lami, vikatoshana. Ilikuwa imepasuka baada ya kuanguka. Kabla ya hapo haikuwa imetoa hata tone.

"Iliyokuwa ikitoa jasho ni ya kulia," binti alisema. "Nilikuwa naifuta mimi kila asubuhi kabla baba hajatoka. Kwa soksi yake kuukuu. Hii ya kushoto ilikuwa kavu."

"Ulijua?"

"Nilijua inavuja. Sikujua wewe unawaza nini."

"Na hapa, nilipokueleza, mbona ulinyamaza?"

"Ningekuambia usingeniamini. Ungesema nakufariji." Akaiweka sili mkononi mwa fundi. "Miezi saba, baba mkubwa. Ungeniuliza tu."

Taratibu aliifumbata. Alikuwa amedhani, zile siku chache alipothubutu kuwaza jambo hili, kwamba akikutwa hana hatia atapata nafuu. Sasa ilikuwa hivyo, na nafuu haikuja. Kwa miezi saba alikuwa na kazi: kurudia siku ile, kutafuta ile sili ya pili, kumrudisha mdogo wake kwenye kibaraza hiki na kumshikilia hapo akiruka na kumwaga chai. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Kumbe ulikuwa mchanga tu, kama walivyosema wote. Mdogo wake alikuwa amekufa tu, na hapakuwa na kitu cha kufungua tena.

Walimalizia pamoja. Alisugua mchubuko kwa msasa laini wenye maji mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Alivisha ncha ya bomba kipande cha mfuko wa plastiki ili sili mpya isichanike ikipita. Kila sili alimpa binti kwanza, naye akasoma namba kwa sauti na kuirudisha, maandishi juu. Kwa kugongea alitumia sili kuukuu: unaiweka juu ya mpya, unaigonga kwa kipande cha bomba la maji, nayo hupokea vishindo ili mpya isiumie. Ile iliyokaa kichwa chini ilifanya kazi hiyo vizuri sana. Mafuta binti aliyapima kwa bomba la sindano kutoka kwenye mkoba wake, mililita kwa mililita, anahesabu kwa midomo, na jirani mmoja aliyechungulia juu ya ukuta akauliza pikipiki inaumwa nini mpaka inachomwa sindano. Binti alicheka. Taratibu alijaribu, ikatoka kama kikohozi.

Jua lilikuwa limehama kibarazani gurudumu liliporudi mahali pake. Akakaza bolti ya mwisho, akaijaribu tena, akashusha pikipiki kutoka kwenye kreti.

"Panda," alimwambia. "Shika breki ya mbele, ulalie usukani kwa uzito wako wote. Mara kumi."

Binti akakunja sketi, akapanda. Akabonyeza, na mbele ya pikipiki ikashuka na kupanda bila mlio. Taratibu alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu, uso sawa na diski. Baada ya mara kumi alizungusha kidole kwenye bomba la kulia, akakitazama. Kikavu. Akazungusha kwenye la kushoto. Kikavu pia.

"Tena," alisema.

Binti akabonyeza mara kumi nyingine. Mafuta hayakutoka popote. Kitu cha moto kilimteremka fundi kandokando ya pua, kikaning'inia kidevuni, kikaangukia kwenye diski. Alikifuta upesi kwa kitambaa safi, akafuta na pembeni yake, kwa sababu diski ya breki haitakiwi kuwa na kitu juu yake. Tone jingine likaanguka palepale alipofuta.

"Tena," alisema, bila kuinua kichwa.

Juu yake binti aliacha kuhesabu. Alilalia usukani, akauachia, akaulalia tena, na hakuuliza ni mpaka lini.