Sentimita Kumi Zaidi

Ofisi ya walimu ya shule yetu ina viti kumi na vinane. Walimu ni kumi na saba. Kwa miaka ishirini na moja nimeingia humo asubuhi na mchana, kupeleka chaki, kuchukua funguo, kurudisha funguo, na hajatokea mtu wa kuniambia, "Mzee, kaa hapo." Silalamiki. Nasema tu kwamba nimevihesabu.

Mimi ni mtunza maabara. Naosha chupa, nachanganya dawa, natengeneza mizani, namwagilia ule mmea wa somo la baiolojia ambao kama ungekuwa mtoto wangu ningeshakamatwa kwa kuudumaza. Wanafunzi wananiita Babu Chupa. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, na fizikia nimejisomea ndani ya stoo, kwenye vitabu visivyo na majalada, nikifanya kila zoezi kwa penseli na kulifuta ili atakayekuja asijue nani alipita. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye kiwanda cha sabuni. Nilifukuzwa kwa sababu nilipanda juu ya pipa nikauliza, mbele ya zamu nzima, kwa nini glovu ziko kwenye ripoti na hazipo mikononi mwetu. Aliyenifukuza alivaa shati la bluu lenye kifungo kimoja cheupe. Nakumbuka kila kitu. Ni ugonjwa.

Ugonjwa huo ulimchosha mke wangu, akahamia kwa dada yake. Binti yetu anaishi mbali, hupiga simu Jumapili. Kwa hiyo chai ya saa nne nilikuwa nainywa peke yangu, kwenye meza ya nyuma ya maabara, kando ya sinki, huku nikisikia vicheko vya ofisini kupitia ukuta.

Mpaka alipokuja mwalimu mpya wa fizikia.

Kijana mwembamba, ametoka chuo kikuu juzi, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inatisha. Siku ya kwanza aliingia kutafuta rula ya mita, akanikuta na kikombe.

"Mzee wangu, mbona unakunywa kwa kujificha? Umeiiba?"

"Chai ni yangu. Nimeiba sukari tu."

Alicheka mpaka akashika meza. Akavuta stuli, akakaa. Kesho yake akaja na kikombe chake. Na keshokutwa. Wiki saba mfululizo, kengele ya saa nne ikilia, mlango unafunguka. Alinisimulia jinsi mama yake anavyomtafutia mchumba kwa nguvu kama mtu anayetafuta fundi wa paa linalovuja. Aliniuliza maoni yangu. Wewe unayesoma, yumkini unaulizwa maoni kila siku, hujui uzito wake. Nilianza kufua koti langu jeupe kila wiki badala ya kila muhula. Nilinunua biskuti. Mzee mzima, nilisimama dukani nikichagua biskuti.

Sasa, lazima niseme jambo lililotangulia. Kabla hajaja, kidato cha tatu walikaa muhula mzima bila mwalimu wa fizikia. Mwalimu mkuu aliniambia, "Wewe wakalishe tu, wasipige kelele." Nikawakalisha. Nikawafundisha pia, kwa kuwa siwezi kukaa na watoto arobaini na wawili na ubao mtupu nikatazama saa. Tulipofika kwenye mwendo wa vitu vinavyorushwa, nilichukua kipande cha bomba na springi ya kitanda, nikatengeneza mtambo wa kurushia gololi. Tukaukaza kwenye ukingo wa meza, protrakta ubavuni, tukatandaza karatasi za kaboni sakafuni ili kila gololi ikianguka iache nukta yake. Wakagundua wenyewe. Kitabu kinasema ukitaka kufika mbali zaidi, rusha kwa digrii arobaini na tano. Lakini kitabu kimechora uwanja: kitu kinaanzia chini na kuangukia chini. Ukirusha kutoka juu ya meza, gololi inapata muda wa ziada wa kushuka mpaka sakafuni, na muda huo unamfaa anayekwenda mbele kuliko anayepanda juu. Kwa meza yetu na springi yetu, pembe bora ilikuwa thelathini.

Aliyeziona nukta hizo kwa mara ya kwanza ni msichana wanayemwita Wakili, kwa sababu hata kengele ikilia yeye huuliza imelia kwa idhini ya nani.

Mwalimu wangu alifika kwenye mada hiyo Jumatano. Nilikuwa chumba cha nyuma nasafisha chupa, mlango uko wazi kidogo.

"Kitu kinafika mbali zaidi kwa digrii ngapi?" akauliza. "Arobaini na tano! Andikeni: siku zote. Hata mpira ukirushwa kutoka juu ya paa, arobaini na tano."

"Mwalimu, kutoka juu siyo," Wakili akasema. "Tulipima kwenye meza hii hii. Ilitoka thelathini."

"Mlipima na nani?"

Nikaweka chupa chini. Mtoto yule akautupia jicho mlango wangu, kisha akasema, "Wenyewe."

"Kitabu kinasema nini?"

"Kitabu kimechora uwanja, mwalimu. Hakikuchora paa."

Mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mheshimiwa, kesi imekwisha!" Darasa likaangua kicheko. Hicho kicheko ndicho kilichoharibu. Kijana wa watu alikuwa na wiki saba tu kazini, na watoto arobaini na wawili wanamcheka.

"Toka nje," akamwambia Wakili. "Usirudi kwenye somo langu mpaka uniletee barua ya kuomba radhi."

Mtoto akachukua begi lake. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama kwenye korido, anatazama viatu vyake.

Saa nne mlango ukafunguka.

"Mzee wangu, watoto wa siku hizi wanabishana hata na namba," akasema, akikaa.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Yalikuwa maneno mawili matatu: mwalimu, mtoto yuko sawa, njoo nikuonyeshe. Nikakoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari. Mimi niliyepanda juu ya pipa! Nilikoroga, nikamuuliza mama yake amefikia wapi na mchumba. Akacheka, akanisimulia. Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa hivyo hivyo, na Wakili alikuwa nje kwa kipindi cha pili. Niliogopa kikombe kile kisirudi. Nasema wazi, wala sitii chumvi: niliogopa kikombe.

Jumapili binti yangu akapiga. Nikamweleza.

"Baba, huyo mwalimu ni rafiki yako?"

"Anakunywa chai hapa."

"Basi mara hii nyamaza. Digrii kumi na tano zitamuua nani?"

"Amemtoa mtoto nje."

"Mtoto atarudi ndani. Ataandika barua, yataisha. Wewe ukimpoteza huyo utampata nani?" Akavuta pumzi. "Mama alisubiri miaka tisa uchoke kuwa sahihi, baba. Hukuchoka."

Nilimwambia nimemsikia. Nilikusudia kweli kumsikia.

Jumatatu, dakika chache baada ya somo la fizikia kuanza, nikamkuta Wakili koridoni na karatasi mkononi.

"Shikamoo babu. Nimeandika. Hebu nisomee, kuna makosa?"

Nikasoma. Mwandiko mzuri, umenyooka. *Naomba radhi kwa kusema thelathini. Jibu ni arobaini na tano siku zote. Sitarudia.*

"Makosa ya maandishi hakuna," nikasema.

"Basi nampelekea."

"Wewe unaamini nini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Babu, niliziona nukta. Lakini mtihani uko karibu, na mimi niko nje."

Kiwandani waliwahi kutuletea karatasi ya namna hiyo. Kila mmoja aandike kwamba glovu alipewa. Wenzangu thelathini na mmoja waliandika, na vidonda vya mikono yao vinatoa maji. Nawakumbuka mmoja mmoja na kalamu waliyopokezana. Nikamrudishia mtoto barua yake, nikaingia chumba cha nyuma, nikauchukua ule mtambo, nikafungua mlango wa darasa bila kubisha.

"Mwalimu, samahani."

"Mzee wangu, tuko kwenye somo."

"Ndilo somo lenyewe hili."

Nikaukaza mtambo kwenye ukingo wa meza. Watoto wakaanza kusogea, stuli zikakwaruza sakafu. Nikatandaza kaboni. Sikumtazama usoni. Nikapima arobaini na tano kwenye protrakta, nikaita mtoto mmoja ahakikishe, nikavuta springi mpaka alama, nikaachia. Tak! Mara tatu. Nukta tatu zimekaa karibu karibu: mita moja na sentimita arobaini na tisa, kwa wastani. Nikashusha mpaka thelathini. Tak! Mara tatu. Mita moja na sentimita hamsini na tisa.

"Sentimita kumi zaidi," mtu akasema kwa sauti ndogo.

"Springi imelegea," mwalimu akasema.

"Vuta wewe."

Alivua saa yake. Akapiga magoti sakafuni na lile shati lake, akapima mwenyewe, akarusha mwenyewe. Nilimwona shingo inavyobadilika rangi. Alirudia mara nne, na kila mara thelathini ilimshinda. Kisha akasimama, akaenda ubaoni, akafuta "siku zote" kwa kiganja cha mkono. Alipima urefu wa meza, akakokotoa mbele yao, pole pole, mpaka hesabu yenyewe ikatoa thelathini. Akageuka.

"Nilikosea," akasema. "Sikufikiria mahali kinapoangukia." Akaenda mlangoni. "Binti, ingia ukae. Hiyo karatasi ichane."

Basi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini darasa lilianza kupiga makofi, wanagonga meza, "Ba-bu Chu-pa! Ba-bu Chu-pa!" na mimi, katikati ya kelele hizo, nikainua mkono juu. Kama mgombea aliyeshinda. Ulibaki juu muda mrefu. Nilipoushusha, yeye alikuwa ananitazama mkono, siyo uso.

Saa nne kengele ililia. Nilichemsha maji. Mlango haukufunguka. Nikajiambia ana madaftari ya kusahihisha. Jumanne nilimsikia kupitia ukuta, anacheka ofisini na wenzake. Kicheko chake nakijua, kinaanza chini halafu kinapanda. Kile kiti cha kumi na nane, sijui, labda alikikalia yeye. Jumatano alifundisha kipindi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia katika jengo lile. Aliwapeleka nje, wakarusha kutoka ngazini, wakapima, wakabishana, na Wakili sauti yake ilikuwa juu ya zote. Hawakuwa wananihitaji tena, na ni haki. Wakili alinipita koridoni akiwa na wenzake, akasema shikamoo babu, akaendelea na hoja yake.

Alhamisi mwalimu alikuja. Saa nne na nusu, chai imeshapita. Hakuwa na kikombe.

"Naomba rula ya mita."

Nikamletea. Hakuipokea mara moja.

"Mzee wangu," akasema, "wiki ile Jumatano ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Alhamisi? Ijumaa?"

"Nilijua."

"Tulikaa hapa. Mimi na wewe. Unaniuliza habari za mama yangu." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwa nini hukuniambia tukiwa wawili?"

"Ulimtoa mtoto mbele ya watu arobaini. Ulitaka nimrudishe mbele ya sinki?"

"Sijasema usimrudishe. Nimesema ungeniambia."

Nilikuwa na majibu. Nina majibu ya miaka ishirini na moja, na ya kiwandani juu yake. Nilitaka kumwambia kwamba karatasi ya uongo haichanwi gizani, kwamba mtoto yule angeibeba ile barua maisha yake yote. Nayaamini hayo mpaka leo. Lakini kila nilipofungua mdomo niliuona ule mkono wangu juu.

"Ningekuambia," nikasema mwishowe, "usingekuja tena kunywa chai."

"Ningekuja," akasema.

Ukutani karibu na mlango kunaning'inia daftari la kuazima vifaa. Kila mwalimu husaini humo. Yeye hajawahi, kwa wiki saba alikuwa anachukua tu na kurudisha, kama mtu wa nyumbani. Sasa akalishusha, akatafuta ukurasa, akaandika jina lake lote, tarehe na saa. Kwenye safu ya kifaa akasita.

"Niandike 'rula' tu, au nieleze kwamba ni ya mbao?"

Nikamwambia aeleze. Akaeleza.