Kapteni Aliyefuka Moshi

Watu wa msimamizi walimkuta Beathag akikanda unga wa shayiri. Hawakubisha hodi. Murchadh, msimamizi wa ardhi ya bwana, alitaka kuuzima moto, akaona kisima kiko mbali, akachukua ndoo ya maziwa iliyokuwa mlangoni na kuyamwaga mekoni. Majivu yakarukia unga.

"Nyumba hii niliachiwa kwa neno," Beathag alisema.

"Neno gani tena, bibi?"

"La bwana wako. Alisimama hapo hapo ulipo. Akasema, nipe mwanao aje kikosini, na maadamu moshi unapaa, hakuna wa kukutoa."

Murchadh alitazama tundu la paa. "Haupai," alisema. Kisha wakaling'oa paa.

Bwana mwenyewe aliitwa Ardfeoir, kwa kuwa huko kwao mwenye ardhi huitwa kwa jina la ardhi yake. Alidaiwa hadi vifungo vya koti. Alipokosa wa kumkopesha, serikali ilimpa ukapteni kwa sharti alete vijana, naye akapita nyumba kwa nyumba akigawa ahadi, maana ahadi hazikuwa na gharama. Aliwapeleka kwenye visiwa vya miwa kuwapiga watumwa waliochoka kuwa watumwa. Lachann, mtoto pekee wa Beathag, alikufa huko kwa homa. Kapteni alirudi amenenepa, akakuta madeni yamenenepa kumzidi. Akaiuza Ardfeoir kwa mfuga kondoo wa kusini, aliyetaka ardhi isiyo na watu.

Moto wa Beathag ulikuwa haujawahi kuzimika tangu bibi yake alipoletwa pale bi harusi. Kila usiku mwanamke wa nyumba aliyafukia makaa kwa majivu, akayaombea kwa maneno yake, na asubuhi akayafukua yakiwa hai. Moto wa namna hiyo ukimwagiwa maziwa huhama tu. Adhuhuri ile ile, kapteni akiwa mezani, moshi ulianza kumtoka kwenye ukosi wa shati. Mkewe alifungua dirisha. Wakili aliyeleta karatasi za mauzo alikohoa kwa adabu, akaomba aongezewe samaki.

Shida ilikuwa usingizi. Moto usiofukiwa haulali, na mwenye nao halali. Kapteni aliunguza magodoro, mkewe akahamia chumba kingine. Mtumishi alijaribu kumfunika kwa majivu, lakini alikuwa mtu wa mjini, maneno hayajui, na majivu yakabaki uchafu wa shuka.

Basi alishuka gatini, ambako watu waliofukuzwa walikuwa wakingoja meli ya Kanada. Upepo ulikuwa mkali. Watu walimsogelea na kumnyooshea mikono wapate joto. Mzee mmoja aliwashia kiko chake begani mwa kapteni na kumshukuru. Beathag aliitambua harufu kabla hajainua kichwa. Ilikuwa ya udongo wa kinamasi chao, ule waliokuwa wakiukata na kuukausha yeye na Lachann uwe kuni, na ndani yake maziwa yaliyoungua. Akaumia sana.

"Beathag," kapteni alisema, "nifukie."

"Wewe nani?"

"Usinitanie, mama. Mimi Ardfeoir."

"Ardfeoir si yule mwenye kondoo? Ulimuuzia na jina. Wewe tukuiteje?"

"Silali," kapteni alisema. "Nifukie, nitakulipa."

"Utanilipa nini? Hata hivyo viatu ni vya watu."

Watu walicheka, mikono yao bado imemnyookea. Beathag hakucheka. Kifuani alikuwa ameficha kifurushi cha majivu aliyoyakwangua mekoni mwake, na alijua kwamba majivu mengine hayangefaa.

"Moshi unapaa au haupai?" aliuliza.

"Unapaa."

"Basi shika neno lako. Nirudishie nyumba yangu, nami nakufukia sasa hivi. Utalala hapa hapa gatini mbele za watu."

Kapteni alifikiri. Beathag alimjua mtu yule tangu utotoni, hata hivyo alitumaini, kwa sababu nyumba ni nyumba.

"Nilisema moshi wa paani kwako," kapteni alisema mwishowe. "Huu unatoka kwenye kofia yangu."

Beathag alifungua kifurushi, akayakung'uta majivu yote baharini.

"Basi waka," alisema, akapanda meli.

Kapteni alirudi kikosini, ambako wadai hawakuweza kumfuata. Huko visiwani alipandishwa cheo upesi. Kikosi kilitumwa kuchoma vibanda vya watu waliokataa kukata miwa, na ulikuwa msimu wa mvua, baruti imelowa, askari wanahangaika na mawe ya kuwashia. Yeye aliinama tu, akaegemeza kichwa kwenye makuti, akangoja yashike. Wakubwa wake walimsifu kwa kuipunguzia serikali gharama.

Moshi uliopaa siku ile ulinuka udongo wa kinamasi na maziwa yaliyoungua. Mwanamke mmoja, aliyetolewa kibandani na unga ukiwa bado mikononi, aliunusa akauliza ni moto wa nani huu. Askari wa pale walikuwa vijana wa Ardfeoir, na wote waliujua.