Alichosema Baba kwa Kitindamimba

"Ongeza sauti, dada."

Aliongeza. Baba yao alisikika vizuri akiwausia wakubwa, mmoja mmoja, lakini alipofika kwa kitindamimba, kompyuta ikanyamaza. Kisha akarudi ghafla, sauti juu: "Haya, nadhani tumeelewana."

Kitindamimba mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, begi lake la safari bado liko mlangoni. Yeye na baba walinuniana muda mrefu, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Alipopata habari za ugonjwa alifunga safari mbio mbio, akakuta wameshazika. Sasa alichobakiwa nacho ni haya maneno ambayo baba aliyarekodi siku moja kabla ya kupasuliwa.

Dada yake ni fundi sauti redioni, tena mwenye maringo na kazi yake. Kama mafundi wote, alianza kwa kulaumu waya. Akauchomoa, akaurudisha. Akabadilisha spika, akavaa hedifoni, akasukuma kidhibiti sauti cha programu mpaka kikagota. Wapi!

"Na redioni wanakulipa kwa hili?" mdogo wake alimtania.

"Hebu nipishe huko."

Akayakuza mawimbi ya sauti kwenye skrini. Mtu hata akinong'ona, huonekana vilima vidogo. Pale palikuwa na mstari mnyoofu, hauna hata chembe. Hapo moyo ukampasuka paa, maana alijua ni kazi ya mkono wake mwenyewe.

Siku alipomrekodi, feni ya chumba cha wagonjwa ilikuwa inavuma, naye alipoiandaa rekodi baada ya msiba alitaka waombolezaji wamsikie baba bila kero. Akaweka kichujio kinachofuta kila sauti iliyo chini ya kiwango fulani. Kilifuta feni, kikafuta na mgonjwa aliyeshusha sauti. Kisha akahifadhi juu ya rekodi ya mwanzo, ikafutika, na kinasa sauti nacho akakifuta apate nafasi. Wanagenzi wangapi amewafokea kwa kosa hilo hilo!

Alimweleza mdogo wake yote, bila kumtazama usoni.

"Basi, dada, usilie. Si ulikuwepo? Niambie tu alisema nini."

Alikuwepo, magoti yake yakigusa kitanda. Anakumbuka mshale wa kupimia sauti ulivyolala. Anakumbuka alivyompungia baba mkono apaze sauti, baba akatikisa kichwa na kuendelea pole pole, machozi yakimlengalenga. Yeye akahangaika na kitufe. Maneno yalimpitia masikioni, yote, na hakushika hata moja. Kujuta alikojuta hakuna mfano.

Angeweza kutunga. Alisema anakupenda, alisema amekusamehe, nani angebisha? Ulimi ulishaanza kuinuka. Lakini mdogo wake alikuwa ameinama mbele, amezuia pumzi, na dada akaona kwamba lolote atakalosema sasa, huyu atalibeba maisha yake yote.

"Sikusikiliza, mdogo wangu," alisema. "Nilikuwa naangalia mshale. Nisamehe."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alinyoosha mkono, akamvua dada yake hedifoni taratibu, akazivaa yeye, na kuirudisha rekodi pale ilipokatika. Akafumba macho, akasikiliza kile kimya mpaka mwisho wake.