Mstari wa Kijani

Fundi baiskeli waliyemwita Spoku alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuvumilia barabara yenye magari. Alikuwa mwembamba kama waya wa gurudumu, ndiyo maana ya jina lake, na karakana yake ilikuwa nyembamba vilevile: chumba kimoja chenye benchi, pampu ya kusimama, baiskeli zilizoning'inia darini, na harufu ya grisi iliyoingia hadi kwenye mkate wake wa mchana. Siku za kazi aliziba pancha na kunyoosha rimu. Jumapili alipanda baiskeli yake kuukuu akaenda vilimani kutafuta vile vibarabara vya lami vilivyosahauliwa, ambavyo mtu hupanda na kushuka saa nzima asisikie honi hata moja.

Jumapili hizo, miaka sita mfululizo, zilizaa kijitabu. Njia kumi na mbili, kila moja na ramani aliyoichora kwa mkono wake. Mstari mwekundu ni barabara kuu, epuka. Wa njano, magari machache. Wa kijani, hakuna gari, shuka kwa raha zako. Waendesha baiskeli wa mjini walikiamini kijitabu kile kuliko walivyowaamini wake zao. Mwenyekiti wa chama chao, mstaafu mwenye kitambi na kaptura ya kubana, alizoea kusema mbele za watu, "Spoku akichora kijani, hata mama yangu mzazi nampitisha." Naye Spoku alikuwa akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu, ule unyenyekevu wa mtu anayetaka uendelee kumsifu.

Sasa niseme wazi alichokosea, maana ya kuficha alishaficha yeye, hakuna haja tuwe wawili.

Njia ya saba ndiyo iliyokuwa kipenzi chake. Ilipanda kilima cha kwanza taratibu, ikafuata migongo ya vilima vingine vitatu, kisha ikateremka bondeni kwa kona tisa na kumrudisha mtu mjini kwa upande mwingine. Mteremko ule ndio uliofunga mzunguko. Bila huo ingebidi mtu arudi kwa barabara kuu, akibanwa na mabasi, na njia nzima ingekosa maana. Miezi miwili kabla ya kijitabu kuchapishwa upya, Spoku alikwenda kuikagua, Jumapili asubuhi kama kawaida yake. Hakukutana na gari. Lakini majani ya kando ya barabara yalikuwa meupe kwa vumbi la mawe, na kwenye kona ya nne palikuwa na alama za matairi mapana ya lori. Chini bondeni aliona geti jipya limefungwa kwa mnyororo, na nyuma yake kilima kimeng'atwa upande mmoja. Mtoto wa darasa la kwanza angejua kwamba hayo ni machimbo ya kokoto, na kwamba machimbo hupumzika Jumapili ili yafanye kazi Jumatatu.

Spoku alisimama pale, mguu mmoja chini, akaifikiria njia yake ya saba. Akarudi nyumbani akachora kijani.

Hakujiambia kwamba anadanganya. Nani hujiambia? Alijiambia kwamba watu wengi huendesha Jumapili, kwamba machimbo yenyewe huenda yasidumu, kwamba mwakani atarekebisha. Kichwa cha mtu aliyekwisha kuamua hakikosi hoja.

Alikuwa na mdogo wake, fundi cherehani, ambaye mwisho wa wiki ndipo wateja humjaa, kwa hiyo yeye alipumzika Jumatano. Wazazi wao walikwisha kufariki, na Spoku ndiye aliyemlea. Alimfundisha baiskeli kwa kushikilia kiti na kukimbia nyuma yake, akiapa kwamba hatamwachia, na mpaka leo, mwanamke wa miaka thelathini na minne, alimwita "kaka" kwa sauti ileile ya wakati ule.

Jumanne moja mdogo wake alipita karakanani kuwekewa hewa kwenye matairi ya baiskeli.

"Kaka, kesho nakwenda njia ya saba. Ule mteremko nishuke vipi? Nasikia ni mkali."

Spoku alikuwa ameshika spana, macho yakiwa kwenye mnyororo wa baiskeli ya mteja.

"Achia tu," akasema. "Kule hakuna gari."

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, kwenye kona ya nne, mdogo wake alikutana uso kwa uso na lori la kokoto likipanda. Alikwepa, gurudumu la mbele likaingia mferejini, naye akarushwa kwenye mawe. Paja la kulia lilivunjika mara mbili. Dereva wa lori aliruka chini, akavua shati lake akamfunga mguu kwa vipande vya mbao, akamlaza kwenye kiti cha mbele na kumkimbiza hospitali huku akimwomba asilale, asilale, dada usilale.

Kesho yake afande wa usalama barabarani alifika karakanani na Mwenyekiti. Mkononi alikuwa na kijitabu kimefunuliwa kwenye njia ya saba.

"Wewe ndiye uliyechora hizi?"

"Ndimi, afande."

"Hapa pana kijani. Maana yake magari hayapiti?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ilikuwa ni kusema tu: yanapita, afande, niliona alama zake. Lakini Mwenyekiti alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, akimwangalia kama mtu anayemwangalia mwanawe akiulizwa swali rahisi.

"Hayapiti," akasema Spoku. "Hapajawahi kupita gari pale."

Ulimi hauna mfupa. Afande akaandika.

"Nilijua," akasema. "Dereva kaona barabara tupu, kajiachia. Ati anadai alikuwa anatambaa. Wote hutambaa wakishagonga."

Basi lori likaegeshwa, dereva akasimamishwa kazi, chama kikaandika barua ya kudai achukuliwe hatua. Spoku aliletewa barua ile atie sahihi. Akatia, tena kwa mwandiko mzuri.

Kila jioni alikwenda hospitali na machungwa. Alimmenyea mdogo wake, akamtandikia shuka, akamsukumia mto, akagombana na wauguzi kwa ajili yake, akawa kaka wa mfano wodini. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimsifu, na kila sifa ilimchoma. Alijiona mchafu. Alipokuwa akiutazama ule mguu wa kulia umefungwa na kuning'inizwa, mguu ambao mdogo wake aliutumia kukanyagia cherehani tangu ana miaka kumi na saba, alichukua chungwa jingine akalimenya. Na bado alinyamaza. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili nayo ikapita.

Wiki ya tatu mdogo wake alisema, bila kuulizwa, "Kaka, namfikiria sana yule dereva. Alikuwa analia njia nzima."

"Usimfikirie. Pumzika."

"Afande ananitaka niseme kwamba alikuwa mbio. Mimi sikuona mbio. Niliona lori tu, limejaa barabara nzima. Lakini wewe unazijua barabara zile. Kama wewe umesema gari halipiti pale, basi huyo hakuwa na adabu ya barabara. Kesho nitaandika hivyo."

Chungwa lilimponyoka Spoku likabiringika chini ya kitanda. Hakuinama kuliokota.

"Usiandike," akasema. Kisha akamwambia yote: Jumapili, vumbi, matairi, geti, kalamu ya kijani. Alisema kwa haraka, kichwa chini.

Sauti ya mdogo wake haikuwa ya hasira, na Spoku angefurahi kama ingekuwa.

"Hata mimi niliona majani meupe," akasema. "Mwenye macho haambiwi tazama. Nikashika breki. Halafu nikakumbuka umesema niachie tu." Akageuza uso ukutani. "Nikaachia."

Spoku alianza kulia.

"Usinililie mimi, kaka. Mimi mguu utapona, daktari kasema. Nenda kwa afande, leo hii. Na usirudi hapa na machungwa yako mpaka umemwambia."

Alikwenda moja kwa moja. Afande alikuwa anakunywa chai. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akamtazama jinsi mtu anavyotazama soli ya kiatu chake baada ya kukanyaga kitu.

"Unajua kwamba uliniongopea mbele ya shahidi?"

"Najua. Nifungeni mimi, afande. Yule dereva hana kosa."

"Hana kosa?" Afande akafungua jalada, akatoa karatasi. "Alikuja mwenyewe juzi. Ameandika kwamba alikuwa mwendo kasi. Kwa mkono wake, hakuna aliyemlazimisha."

"Lakini si kweli!"

"Wewe ulikuwepo?"

Spoku akainyoshea mkono ile karatasi; afande akairudisha jaladani.

"Maelezo yako mapya nitayaandika, na yatakugharimu," akasema afande. "Lakini haya ya kwake siwezi kuyafuta mimi. Ayafute mwenyewe."

Dereva aliishi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mlango unaotazama kamba za nguo. Mkewe ndiye aliyemkaribisha Spoku, akampa kigoda, akatoka na beseni lake. Dereva alikuwa mtu wa miraba minne, lakini alivyokaa kitandani, mabega chini na mikono katikati ya magoti, ungedhani ni mgonjwa.

"Dada anaendeleaje?" ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Anaendelea vizuri. Ndugu yangu, nimekuja kukuomba radhi."

Akaeleza tena. Safari hii hakuharakisha, wala hakuinamisha kichwa. Dereva alimsikiliza bila kumkatiza, ila kwenye kusikia habari ya ile barua ya chama alitikisa kichwa polepole, kana kwamba anasikia habari za mtu mwingine.

"Kwa hiyo hukukosea kitu," Spoku akamaliza. "Ule mlima naujua kwa mapaja yangu. Kona ya nne ndiyo kali kuliko zote. Lori lenye mzigo wa kokoto haliwezi kukimbia pale hata likitaka. Ulikuwa gia ya kwanza."

"Sijui," akasema dereva.

"Hujui vipi?"

"Tajiri wangu alisema nilikuwa mbio. Afande akasema nilikuwa mbio. Chama chenu kikaandika. Nikaambiwa mchora ramani mwenyewe, mtu asiye na ugomvi na mimi, kasema hapo hapapiti gari, kwa hiyo nilikuwa nimejisahau. Nikawaza, watu wote hao wakosee, niwe sawa mimi peke yangu?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa kila nikifumba macho naona lori linakimbia. Naona mshale wa spidi uko kwenye sitini. Nikaona heri nikaandike, labda nitapata usingizi."

"Sitini pale hufiki, hata likiwa tupu!"

"Najua. Kwa akili najua. Lakini ndivyo ninavyoona."

Spoku alipiga magoti sakafuni, mbele ya miguu ya mtu yule, bila kujali mke anaweza kuingia. "Twende kwa afande. Ufute yale maelezo. Nitakubeba mgongoni ukitaka. Andika jinsi ilivyokuwa, basi."

"Niandike ilikuwaje?"

"Uandike ukweli. Gia uliyokuwa nayo. Mwendo. Kama ulipiga honi."

Dereva alifumba macho. Alikunja mkono wa kushoto hewani, kama anayetafuta kijiti cha gia, akaupeleka mbele, akaurudisha, akaupeleka tena. Kisha akauangusha gotini.

"Wiki ya kwanza nilikuwa nakumbuka kila kitu," akasema. "Ungekuja wiki ya kwanza."